Robert Smalls: mtumwa aliyerudi kununua nyumba ya bwana wake

Nyumba kubwa za kale za kusini mwa Marekani zinajulikana kwa nguzo zake ndefu, baraza pana na miti mikubwa mbele ya mlango. Kila mwaka watalii wanakwenda kuzitazama. Nyingi zinabeba jina la tajiri aliyezijenga au familia iliyozirithi. Wale waliopika ndani yake, waliofua nguo, waliolea watoto wa bwana na kulala katika vibanda vya nyuma, mara nyingi hawatajwi.

Katika mji wa Beaufort, jimbo la South Carolina, iko nyumba moja ambayo habari yake ni kinyume. Ni nyumba ya mbao, ya ghorofa, nambari 511 katika barabara ya Prince Street. Haijulikani kwa jina la bwana wa zamani. Inajulikana kwa jina la mtoto wa mtumishi aliyezaliwa nyuma ya nyumba ya bwana huyo, akakua akiwa mali ya watu, kisha akarudi na hati mkononi kama mwenye nyumba. Jina lake ni Robert Smalls.

Katika maisha yake Smalls alipata vitu vingi: uhuru, meli, cheo cha kapiteni, kiti katika Bunge la Marekani. Karibu vyote alinyang'anywa au aliona vikiondolewa kwa watu wa rangi yake. Nyumba ile alikaa nayo hadi siku ya kufa.

Mtoto wa Lydia

Robert alizaliwa tarehe 5 mwezi wa nne mwaka 1839. Mama yake, Lydia Polite, alikuwa mtumwa katika familia ya McKee. Alichukuliwa akiwa bado msichana kutoka shamba la familia hiyo kwenye kisiwa jirani cha Lady's Island, akaletwa mjini kufanya kazi za nyumbani. Baba ya Robert hakutajwa rasmi, lakini wengi waliamini kuwa alikuwa Mzungu.

Watu weusi wa visiwa na pwani ile wanaitwa Wagullah. Wana lugha yao, iliyochanganya Kiingereza na lugha za Afrika, na sehemu kubwa ya mababu zao walivushwa bahari kutoka maeneo ya Kongo na Angola. Hata leo, kusini mwa Marekani, kuna wanaoita karanga kwa neno lililotoka katika nguba ya Kikongo. Robert alikua akisema lugha hiyo ya Wagullah.

Bwana Henry McKee alimpenda mtoto huyu na kumpa kazi nyepesi za ndani. Inasimuliwa kwamba Lydia aliingiwa na wasiwasi: mtoto anayekula vizuri karibu na bwana anaweza kusahau yeye ni nani. Kwa hiyo alimpeleka aone kwa macho yake jinsi watumwa walivyouzwa kwa mnada na jinsi walivyopigwa fimbo. Somo lile liliingia kupita kiasi. Robert akaanza kuwa mkaidi, akakamatwa usiku kwa kupita saa iliyokatazwa kwa watu weusi kutembea. Mama akaona hatari imekuwa kubwa, akamwomba bwana ampeleke mtoto mbali, kwenye mji wa Charleston, akatafutiwe kazi huko.

Robert alikuwa na miaka 12. Alifanya kazi hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akashuka bandarini. Kule alijifunza kushona matanga, kufunga kamba za meli, na mwishowe kushika usukani. Mshahara ulikwenda kwa bwana wake. Yeye alibakishiwa dola moja tu kwa wiki.

Bei ya familia

Mwaka 1856, katika siku ya kuamkia Krismasi, alimuoa Hannah Jones, mtumwa aliyefanya kazi hotelini. Binti yao Elizabeth alizaliwa mwaka 1858. Kwa sheria ya wakati ule, mtoto wa mama mtumwa ni mtumwa, na ni mali ya bwana wa mama yake. Bwana wa Hannah angeweza kuwauza siku yoyote, mama upande huu na mtoto upande ule.

Robert aliomba kuwanunua. Bwana alikubali, akataja bei: dola 800. Robert alikuwa amekusanya dola 100. Kwa mtu anayebaki na dola moja kwa wiki, hesabu hiyo ilimaanisha miaka mingi ya kungoja, na hakuna aliyemhakikishia kwamba familia yake ingekuwa bado Charleston mwisho wa miaka hiyo. Wakapata na mtoto wa pili, wa kiume, na hofu ikaongezeka.

Kisha vita vikaanza. Mwezi wa nne mwaka 1861, majimbo ya kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa yalipiga mizinga kwenye ngome ya Fort Sumter, mlangoni mwa bandari ya Charleston. Serikali ya kaskazini ilituma meli za kivita kuifunga bandari hiyo. Jeshi la kusini likachukua meli ya mvuke iitwayo Planter ili ibebe silaha na askari kati ya ngome. Robert Smalls aliwekwa kwenye usukani wake. Alizijua njia zote za maji, mahali palipotegwa mabomu, na ishara ambazo kila ngome ilidai kabla ya kuruhusu meli kupita.

Usiku wa Planter

Tarehe 12 mwezi wa tano mwaka 1862, Planter ilirudi Charleston ikiwa na mizinga minne mikubwa iliyoondolewa kwenye kisiwa cha Coles Island. Jioni, kapiteni na maofisa wenzake wawili, wote Wazungu, walishuka kwenda kulala mjini. Ilikuwa ni kinyume cha amri, lakini hawakuona shida: meli imebaki na watumwa tu.

Smalls alikuwa anaingoja nafasi hiyo kwa muda. Alishapanga na wenzake wa melini na kuziarifu familia. Wote walijua kwamba wakikamatwa hakutakuwa na msamaha, na walikubaliana kuilipua meli kuliko kurudishwa.

Saa tisa za usiku waliwasha injini. Smalls alivaa koti la kapiteni na kofia yake pana ya majani. Meli ikasogea kwanza kwenye gati nyingine, ambako Hannah, watoto na wanawake wengine walikuwa wamejificha wakisubiri. Wakapanda, na Planter ikaelekea baharini kwa mwendo wa kawaida, bendera ya kusini ikipepea, kama meli inayokwenda kazini asubuhi.

Ilibidi kupita ngome moja baada ya nyingine. Kwa kila ngome Smalls alivuta honi kwa ishara inayotakiwa. Kubwa kuliko zote ilikuwa Fort Sumter. Walifika hapo kama saa kumi na nusu, kabla ya kupambazuka. Smalls alisimama mahali ambapo kapiteni wake husimama, akakunja mikono kama yeye, kofia imeshuka usoni. Askari wa ngome waliona kivuli wanachokizoea, wakaruhusu meli ipite. Walipogundua kwamba inakwenda moja kwa moja kwenye meli za adui, ilikuwa imeshatoka nje ya nguvu ya mizinga yao.

Hatari ya pili ilikuwa mbele. Meli ya kaskazini iitwayo Onward ilipoona chombo cha adui kinakuja katika ukungu, ilijiandaa kupiga. Watu wa Planter walishusha bendera ya kusini na kupandisha shuka jeupe la kitandani ambalo Hannah alilibeba. Jua lilipotokea, askari wa Onward waliliona shuka hilo, wakashusha silaha.

Smalls alikabidhi meli, mizinga, kitabu cha ishara za siri na habari za mahali yalipo mabomu ya majini. Pia alieleza kwamba ngome ya Coles Island imeachwa bila ulinzi, na jeshi la kaskazini likaweza kuingia huko bila kupigana. Alikuwa na miaka 23. Ile familia ambayo angehitaji miaka mingi kuinunua, aliivusha kwa saa chache za usiku mmoja.

Mnada wa nyumba zilizoachwa

Bunge mjini Washington lilipitisha sheria ya kuwapa Smalls na wenzake sehemu ya thamani ya meli. Yeye alipata dola 1.500. Habari zake zikajaa katika magazeti ya kaskazini. Mwezi wa nane mwaka huo alifuatana na mchungaji mmoja hadi Washington kuomba watu weusi waruhusiwe kuwa askari, na waziri wa vita Edwin Stanton alitoa kibali cha kuandikisha hadi watu 5.000 katika eneo la Beaufort.

Aliendelea kupigana. Mwaka 1863 aliongoza usukani wa meli ya chuma Keokuk katika shambulio la Fort Sumter. Ilipigwa zaidi ya mara 90, ikazama siku iliyofuata, naye akapona. Baadaye mwaka huo, kapiteni wa Planter alipojificha kwa hofu chini ya mvua ya risasi, Smalls alishika uongozi na kuitoa meli. Kwa tendo hilo alifanywa kapiteni wake.

Wakati huo, Beaufort ilikuwa imebadilika kabisa. Tangu mwezi wa kumi na moja mwaka 1861, jeshi la majini la kaskazini lilipoichukua pwani ile, Wazungu wenye nyumba walikimbia na kuacha milango wazi. Watumwa wapatao elfu kumi walibaki mashambani na mjini. Serikali ilikuwa imeweka kodi ya ardhi, na sheria ya mwaka 1862 ikasema kwamba katika maeneo ya uasi, parseli ambayo kodi yake haikulipwa itauzwa kwa mnada. Wenye nyumba walikuwa upande mwingine wa vita. Hawakuja kulipa.

Kwa njia hiyo nyumba ya Prince Street iliingia mnadani. Henry McKee mwenyewe alikuwa ameshaiuza kabla ya vita kwa familia ya De Treville, nao pia walikuwa wamekimbia. Smalls alikuwa na pesa yake ya meli na mshahara wa jeshi. Akainunua.

Vita vilipokwisha mwaka 1865 alihamia humo na Hannah na watoto wao. Akamleta pia mama yake. Lydia, aliyeingia Prince Street kama msichana mtumwa wa kazi, alimalizia maisha yake huko kama mama wa mwenye nyumba.

Kuna habari nyingine ambayo familia ilisimulia kwa muda mrefu. Jane McKee, mjane wa bwana wa zamani, alipokuwa mzee na akili imeanza kupotea, alirudi kwenye nyumba hiyo akidhani bado ni yake. Smalls hakumfukuza. Alimkaribisha, akapewa chumba na kutunzwa hadi karibu na kifo chake.

Mwanasiasa na adui zake

Smalls hakuwahi kwenda shule alipokuwa mtoto, kwa sababu sheria ilikataza kuwafundisha watumwa kusoma. Alijifunza akiwa mtu mzima, akiwa na walimu wa kumfundisha. Labda ndiyo maana jambo alilolipigania kwanza katika siasa lilikuwa shule. Mwaka 1868 alikuwa miongoni mwa wajumbe walioandika katiba mpya ya South Carolina, na alisukuma mpango wa shule za serikali, bila malipo na za lazima kwa watoto wote.

Alichaguliwa katika bunge la jimbo, kisha senati ya jimbo, na mwaka 1875 akaingia Bunge la taifa mjini Washington. Huko alihudumu kwa vipindi vitano, ingawa si kwa mfululizo. Beaufort, yenye wapiga kura wengi weusi, ilikuwa nguvu yake.

Upande wa pili haukulala. Makundi ya Wazungu wenye silaha, yaliyovaa mashati mekundu, yalizunguka jimbo wakati wa uchaguzi wa mwaka 1876 kuwatisha wapiga kura weusi. Mara waliposhika madaraka, Smalls alishitakiwa kwamba alipokea hongo ya dola 5.000 katika kazi ya uchapishaji wa serikali alipokuwa seneta. Alikana, lakini alihukumiwa miaka mitatu. Mwaka 1879 gavana alimsamehe, katika mapatano ambayo serikali ya taifa nayo iliacha kuwafuatilia watu wa upande wa pili walioshitakiwa kwa makosa ya uchaguzi. Jina lake lilibaki na doa hilo, na adui zake walilitumia kila kampeni.

Kesi ya parseli

Katika miaka hiyo hiyo ya taabu, ilikuja kesi nyingine iliyogusa paa juu ya kichwa chake. De Treville alidai nyumba. Hoja yake ilikuwa kwamba mnada wa kodi haukuwa halali, kwa hiyo hati ya Smalls haina nguvu.

Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Haikuhusu nyumba moja tu. Mamia ya watu waliokuwa watumwa walinunua vipande vya ardhi katika minada ya kodi ya Beaufort na visiwa vyake. Kama hati ya mbunge, kapiteni, mtu anayejulikana taifa zima ingefutwa, hati ya mkulima wa ekari kumi ingesimama wapi? Mwaka 1878 majaji waliamua: mnada ulikuwa halali, nyumba ni ya Smalls.

Ushindi huo haukuwa wa kujitokea tu. Mfano ni nyumba nyingine kubwa ya kusini, Arlington, iliyo ng'ambo ya mto Potomac kutoka Washington, ambayo ilikuwa ya familia ya jenerali wa kusini Robert E. Lee. Nayo iliuzwa kwa ajili ya kodi, kwa deni la dola 92 tu, na ikanunuliwa na serikali, iliyozika maelfu ya askari katika uwanja wake. Mwaka 1882 Mahakama Kuu ilisema familia ya Lee ilinyang'anywa kinyume cha sheria, kwa sababu maofisa walikataa pesa iliyoletwa na mtu mwingine kwa niaba ya mwenye mali. Mwaka uliofuata serikali ilimlipa mrithi dola 150.000 ili kubaki na mahali hapo. Kutoka sheria ile ile ya kodi, mtoto wa jenerali mkuu wa kusini alipata pesa nyingi. Mtumwa wa zamani aliondoka na nyumba yake.

Kilichobaki

Hannah alifariki mwaka 1883. Miaka saba baadaye Smalls alioa tena, akapata mtoto wa kiume, lakini mke huyo pia alikufa mapema, mwaka 1895.

Mwaka huo huo ulikuwa mbaya pia kwa nchi yake. South Carolina iliitisha mkutano wa kuandika katiba nyingine, na lengo lilikuwa wazi: kuwaondoa weusi katika kura. Wajumbe weusi walikuwa sita tu, na Smalls alikuwa mmoja wao. Alisimama na kupinga mbele ya watu waliokwisha kuamua. Katiba ilipita, ikidai mpiga kura ajue kusoma kifungu atakachopewa au awe na mali ya dola 300. Msimamizi wa uchaguzi, ambaye ni Mzungu, ndiye aliyeamua nani amesoma vizuri. Katiba ile ya mwaka 1868, ambayo Smalls alisaidia kuandika, ilizikwa akiwa anaangalia.

Alibaki na kazi ya mkuu wa forodha katika bandari ya Beaufort, aliyopewa na Rais Benjamin Harrison mwaka 1889 na kuishika, pamoja na kukatizwa, kwa karibu miaka 20. Mwaka 1913, akiwa mzee na mgonjwa wa kisukari, alisikia kwamba kundi la watu linataka kuwaua vijana wawili weusi walioshikwa kwa tuhuma za mauaji. Alipeleka ujumbe kwa wakubwa wa mji kwamba wakiguswa, weusi watauchoma mji. Vijana hawakuuawa na kundi hilo.

Robert Smalls alikufa mwezi wa pili mwaka 1915, akiwa na miaka 75, katika nyumba yake ya Prince Street. Alizikwa mjini humo, katika uwanja wa kanisa la Tabernacle Baptist, ambako sasa iko sanamu ya kichwa chake.

Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilimpita kimya. Baadaye nchi yake ilianza kumkumbuka. Mwaka 1974 nyumba ya Prince Street iliwekwa katika orodha ya majengo ya historia ya taifa. Mwaka 2017 Rais Barack Obama alitangaza Beaufort kuwa mahali pa kumbukumbu ya zama zile zilizofuata vita. Na mwaka 2023 jeshi la majini liliondoa kwenye meli moja ya kivita jina la Chancellorsville, ushindi wa jeshi la kusini, na kuipa jina jipya: Robert Smalls.

Nyumba ingali imesimama, umbali mfupi kutoka mtoni. Mabwana wa kwanza waliiuza au kuikimbia. Mtoto wa Lydia alikaa humo kama mwenyewe kwa nusu karne.